Nafasi ya Shule Isiwe Hisani

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimbebesha mzazi faradhi ya kumwandikisha mtoto wake shuleni afikapo umri wa miaka saba, na ikamwandalia adhabu anayekaidi; nami sina neno juu ya faradhi hiyo, maana nchi iliyokwisha kuazimia kule Musoma mwaka 1974 kwamba elimu ya msingi imfikie kila mtoto isingeweza kuuacha mlango wazi kwa uzembe wa wazee. Lakini mzazi wa mtoto kiziwi, au asiyeona, au mwenye mtindio wa ubongo, akaaye Pande katika wilaya ya Kilwa, aweza kuitimiza faradhi hiyo kwa ukamilifu, akaamka alfajiri siku ya uandikishaji, akafika kwa mwalimu mkuu na mtoto mkononi, jina likaandikwa, mtoto akapewa pahali pa kukaa, na mwaka ukapita asiambulie hata irabu moja. Daftari litashuhudia kwamba yumo shuleni. Hesabu itakayopelekwa makao ya Halmashauri, Kilwa Masoko, itashuhudia hivyo hivyo, na kila mtu atakuwa ametii sheria ilhali mtoto hajapata kitu.

Naandika kudai jambo moja: kwamba kumtafutia mtoto wa namna hiyo nafasi ya shule inayomfaa ni dhima ya Halmashauri kabla haijawa taabu ya mzazi, na kwamba mzazi ana haki ya kupewa jibu lililoandikwa, lenye sababu, ambalo akiona halina insafu aweza kulikatia rufaa. Kwa sasa aghalabu hupewa jibu la mdomo, nalo ni moja kati ya mawili. Akikutana na afisa mwenye huruma ataambiwa mtoto apelekwe bweni, mbali. Akikutana na afisa aliyetoka katika semina ya elimu jumuishi ataambiwa mtoto aachwe asome na wenziwe hapa hapa. Majibu yote mawili yaweza kuwa sahihi, na yote mawili yaweza kuwa dhuluma, kwa kuwa hutolewa kabla mtoto hajapimwa masikio, macho, viungo na fahamu, na tabibu asiyemgusa mgonjwa hana dawa ila bahati.

Tumtazame mtoto kiziwi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, na papo hapo inatoa istisna kwa yule anayehitaji mawasiliano ya namna ya pekee. Istisna hiyo ni fupi lakini ina hekima kubwa, kwani aliyezaliwa kiziwi, akiketi peke yake kati ya watoto wengi wasikiao na mwalimu asiyejua lugha ya alama, hakosi somo tu, anakosa lugha; nayo lugha ya alama haipatikani kwa kuandikiwa ubaoni, hupatikana kwa kuishi, kucheza na kugombana na wenye kuitumia, na miaka ya utotoni ikimpita pasipo lugha yoyote, hasara hiyo ukubwani hailipiki. Kwake yeye, shule ya viziwi, iwe mbali kiasi gani, ndiyo shule jumuishi, maana ndimo anamojumuika. Geuza sasa uso umtazame jirani yake mwenye mtindio wa ubongo, ambaye miguu haimtii lakini husikia na kuelewa kila linalosemwa barazani. Huyu hana haja ya kupelekwa kokote. Ana haja ya kiti mwendo, ya mteremko mlangoni badala ya ngazi, ya choo anachoweza kukiingia, na ya mwalimu mwenye subira wakati mkono wake unapoitafuta kalamu. Kumpeleka bweni ni kumtenga na mama yake na bibi yake kwa sababu ya ngazi tatu za saruji.

Mazoea ya kuliona jambo hili kuwa sadaka yana asili yake. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora ikafunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963; serikali ilikuja kuungana na kazi iliyokwisha kuanzwa na watu wa dini. Fadhila yao haisahauliki, ila iliacha nyuma yake fikira kwamba nafasi ya mtoto huyu hutolewa na mwenye moyo, mahali alipo mwenye moyo, na aliye mbali ashukuru akipata. Huku pwani nasi tulikuwa na njia yetu: asiyeona aliweza kupokewa chuoni pamoja na wenziwe, akahifadhi Kurani kwa sikio, na aliyetaka kumdharau alikuwa na sura ya Abasa ya kumkumbusha habari za Abdallah bin Umm Maktum, kipofu aliyestahili kusikilizwa kabla ya wakubwa wa Makureshi. Lakini chuo kilichofundisha kwa sikio hakikuwa na la kumpa asiyesikia, na kiziwi wa Kilwa alibaki kuvua na kulima, akizungumza kwa ishara za nyumbani zisizovuka ua.

Wasemao kwamba bweni lipo, ni mzazi tu anayekataa, na wahesabu kwanza. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, iliondoa ada. Haikuondoa nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi kila likizo, kutoka kijiji cha wavuvi na wakulima wa ufuta hadi barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam, na huko mbele zaidi. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo katika wilaya ya Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Mzazi ambaye mwanawe wa miaka minane, asiyeweza kuzungumza kwa simu, yuko ng'ambo ya daraja lililobomoka, hastahili kuitwa mjinga kwa kusita.

Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, kuweka vituo vya tathmini wilayani, ambako mtoto hupimwa na mzazi hushauriwa kabla ya shule kuchaguliwa. Huko Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2014, mamlaka ya mahali huandika waraka wa mahitaji ya mtoto, shule hutajwa humo kwa jina, na mzazi asiporidhika huenda mbele ya baraza la rufaa. Nako wazazi wananung'unikia kucheleweshwa, kwa hiyo sisemi kwamba ni peponi. Nataka tuchukue karatasi ile tu. Karatasi yenye sahihi humtia afisa haya, na akihamishwa, ajaye baada yake hawezi kudai kwamba hakuambiwa.

Nitaambiwa fedha hakuna. Kilwa si wilaya ya kulia njaa: gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, huipatia Halmashauri ushuru wa huduma, na korosho na ufuta hupita minadani kila msimu na kuacha ushuru wake. Sheria ile ya 2010 imekwisha kuweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji, na kazi yao ya kwanza ingefaa iwe kuorodhesha watoto wa miaka minne na mitano, si kungoja saba. Orodha ikimfikia Afisa Elimu Maalumu mwezi Julai, mganga kutoka hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Patandi waweza kufika Pande kabla uandikishaji haujaanza Oktoba; nauli yao haifikii posho za kikao kimoja. Na mwalimu huyo asije akapangiwa darasa la kawaida lililofurika kwa kuwa shule ina upungufu, kwani hapo kitengo cha elimu maalumu hubaki kibao cha mlangoni. Shule ikifunguliwa Januari, jibu liwe mkononi mwa mzazi: ama jina la shule ya bweni pamoja na nauli ya mtoto na ya mtu wa kumsindikiza, ama tarehe ambayo fundi atakuja kuzivunja zile ngazi.