Rudisheni Winta, Tuna Kipupwe

Kila mwaka ikifika katikati ya Juni, Nairobi ya mtandaoni inahamia Ulaya. Msee amevaa koti zito kwa roshani yake South B, kikombe cha chokoleti mkononi, na chini ya picha ameandika: "Winta imeingia." Wenzake wanamjibu kwa vijipicha vya theluji. Mwingine anatafuta mtu wa kukumbatiana naye hadi Agosti. Kisha pazia linafungwa, na robo ya mwaka inapita bila mtu kuitazama.

Mimi nina ugomvi na hiyo winta. Neno lenyewe halinisumbui. Kiswahili kimeazima maneno tangu jadi na hakijakonda. Shida ni kwamba tumeazima neno pamoja na macho. Filamu zimetufunza kwamba baridi nzuri lazima iwe nyeupe, iwe na taa za rangi na moshi unaotoka kwa bomba la nyumba ya matofali. Yetu haina hayo, basi tunaichukulia kama hitilafu ya mitambo, kitu cha kulalamikia mpaka fundi aje. Desemba jua likitupiga utosini, supamaketi zinabandika pamba kwa miti ya plastiki kuigiza theluji, na hakuna anayecheka. Julai inaleta baridi yenyewe, halisi, ya bure, na hakuna anayeifungulia dirisha.

Tuanze na jina. Msimu huu unaitwa kipupwe. Neno liko kwenye kamusi, na wengi wenu mlilitumia kupamba insha za shule, kisha mkaliacha hapo hapo kwa karatasi ya mtihani. Kipupwe ni ile baridi ya Juni hadi Agosti, wakati upepo wa Kusi unavuma. Wakikuyu nao wana gathano. Yaani waliotutangulia waliutazama msimu huu vizuri hadi wakaupa jina, na pembeni yake wakaweka ukungu, umande, manyunyu, rasharasha. Sisi tuliosoma kuwaliko tumebaki na "baridi" na matusi mawili matatu.

Halafu tuulize huu msimu unatoka wapi, maana watu wanaongea kana kwamba ni kipande cha Ulaya kilichopotea njia. Julai huko Ulaya watu wako ufuoni, wanaungua mabega. Jua liko upande wao wa ikweta. Huku kwetu Kusi inabeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, unapandishwa bara hadi kwa mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unapoa njiani, unageuka kuwa lile wingu la kijivu linalokaa juu yetu siku nne, siku tano, halinyeshi na haliondoki. Hiyo kijivu unayoilaani ukiwa umekwama Waiyaki Way ni bahari. Imepanda kutoka Pwani bila tiketi ya treni, imekufuata hadi Westlands, na wewe unaiita hali mbaya ya hewa.

Na kama unadhani winta ya wenyewe ni tamu, waulize mbayuwayu wa Ulaya. Wanaikimbia kila mwaka. Wanaanza kufika kwetu karibu Septemba na wanarudi kwao Machi au Aprili. Ndege wa gramu 20 hivi anavuka Sahara ili asikutane na kitu ambacho wewe unakitamani kwa roshani.

Mimi nilifunzwa kutazama na mtu ambaye hakuwa na koti. Mama yangu aliuza uji wa wimbi kwa steji Kangemi, na likizo za Agosti nilikuwa msaidizi wake wa kubeba vikombe. Saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi, na kabla hajafungua thamosi ya kwanza anageuka kuangalia upande wa Ngong. Vile vilima vinne vikionekana, alikuwa anasema, "Ngong wameamka," na tunajua uji utasonga polepole. Ukungu ukiwa umevifunika, "Ngong wamelala," na ananirudisha nyumbani mbio kuleta sufuria ya pili. Hakuwahi kuniambia kwamba hapo kuna uzuri. Lakini asubuhi ambayo wingu lilipasuka na vilima vikatokea vimechanwa katikati, vilele juu, hewa tupu chini, aliacha kumimina. Mteja akangoja. Hata yeye akageuka kuangalia.

Vitu kama hivyo bado viko, na havihitaji safari wala tiketi. Kuna matatu ya asubuhi, madirisha yamejaa mvuke, na mtoto wa shule amechora uso kwa kidole na kupitia macho ya ule uso unaona taa nyekundu za magari yote ya mbele. Kuna ua wa kayaba, ambao siku nyingine ni miiba tu, lakini kipupwe kinaonyesha kila utando wa buibui uliomo, maana umande umekaa juu ya kila uzi. Nimewahi kuhesabu arubaini na kitu kwa ua mmoja, nikachelewa kazini, na sijutii. Kuna moshi wa mahindi ya kuchoma ambao siku hizi haupandi; unatambaa chini kwa chini kando ya barabara, mpaka unajua kuna mama wa mahindi kabla hujamwona. Kuna jua lenyewe, likijitokeza saa nne kama sarafu nyeupe unayoweza kuikodolea macho. Na kuna kile kitu Wanairobi wanafanya bila kuambiwa: ukuta mmoja ukipata jua, bodaboda, karani, soja na mwenye suti wote wanajipanga hapo kuota jua, hawajuani, hawaongei, wanapeana nafasi. Nitajie sehemu nyingine ya mji huu ambako hao wanne wanasimama sawa.

Sasa nasikia jibu, na ni jibu la haki: uzuri wa baridi ni wa mwenye hita. Mwambie mtu wa nyumba ya mabati, ambaye mvuke unamdondokea usiku kutoka kwa paa, kwamba ukungu ni sanaa. Mwambie mwenye mtoto wa kifua.

Nimekulia kwa mabati hayo, kwa hivyo nijibu kama mwenyeji. Baridi hii inaua. Kila msimu kuna familia inayoingiza jiko la makaa ndani, inafunga mlango na dirisha, na haiamki. Ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi. Jiko likae nje, hata kama dirisha liko wazi. Hilo silisemi kwa ushairi. Lakini niambieni ni nani ameficha vifo hivyo zaidi: anayesema toka nje utazame, ama anayeita msimu mzima "winta" na kuugeuza kuwa nguo na kikombe? Winta ya mtandaoni haina jiko. Haina soja wa usiku aliyefunga shuka juu ya koti la kazi, wala mtoto aliyevaa sandali kwa umande. Ni baridi iliyosafishwa watu. Ukitazama kipupwe kwa makini huwezi kuona ukungu peke yake, kwa sababu kuna mtu ndani ya ukungu. Mama yangu alitazama vilima ili ajue nani atafika amekufa baridi na anahitaji kikombe. Kwake haya mawili yalikuwa tazamo moja.

Na theluji, kama ni lazima theluji, tunayo. Iko juu ya Mlima Kenya, karibu kabisa na ikweta, na asubuhi safi inaonekana ukiwa Nairobi. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote huko juu, imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake tangu 1934. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema barafu za mlima huo zinaweza kuisha kabisa katika miaka ya 2030. Yaani katika umri wenu, nyinyi mnaosoma hii kwa simu. Nchi yenye barafu inayokufa juu ya mlima ulioipa jina inanunua pamba ya kuigiza barafu. Ningekuwa mlima ningekasirika.

Tena msimu huu si mgeni kwa historia yetu. Saba Saba ya 1990, watu walipoelekea Kamukunji, ilikuwa kipupwe. Juni 25, 2024, vijana walipojaa barabarani, ilikuwa kipupwe. Mara kwa mara Wakenya wametoka nje kwa baridi hii wakijua kinachowangoja huko nje. Msituambie basi ni msimu wa kujikunyata.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Julai iliyopita mama, ambaye siku hizi amerudi mashambani, alinipigia simu asubuhi. Baada ya salamu akauliza, "Baba, Ngong wameamka?" Nilikuwa nimejifungia nyumbani siku ya tatu, pazia chini, nikitazama tamthilia ya Korea ambamo theluji ilikuwa inaangukia wapenzi wawili. Dirisha langu linaangalia Ngong. Ndiyo sababu nililipia kodi ya juu. Nikamwambia wamelala. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, vaa sweta."

Nilipofungua pazia, vilima vyote vinne vilikuwa wazi, vya buluu, vimeoshwa. Nimemdanganya mwanamke aliyenifunza kuona, na nimemdanganya juu ya kitu kilichokuwa hatua tatu kutoka kwa kochi.

Kwa hivyo siwahubirii kutoka juu. Nawaomba kitu kidogo. Kesho shuka matatu steji moja kabla ya yako, weka simu mfukoni, utembee. Tafuta kitu kimoja ambacho Julai pekee inacho, ukipe jina la Kiswahili ama la lugha ya kwenu, umwambie mtu. Ukipita soja, msalimie, muulize usiku ulikuwaje. Na akikuuliza mtu mnaendeleaje na winta, mwambie hapa hatuna.

Mimi nimempigia mama tangu hapo, mara nyingi. Leo asubuhi wamelala. Nimehakikisha.