Ukifunga ekzosi mpya, kabureta nayo iguswe

Mhariri,

Vijana wengi hapa Mbagala wanafunga ekzosi ya wazi, kisha fundi anawaambia kabureta haina haja ya kuguswa. Nami niliambiwa hivyo. Haikuchukua muda, pikipiki yangu ya cc 150 ikaanza kupiga mishindo kila nikiachia mafuta mteremkoni, na injini ikawa inachemka. Tulipofungua plagi, ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa, wakati plagi yenye afya huwa ya kahawia hafifu.

Petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ili iungue sawasawa. Moshi ukitoka kwa wepesi, hewa inayoingia huongezeka, lakini tundu la jeti, linalopitisha mafuta kwenye kabureta, halitanuki, hivyo mafuta huwa machache kuliko hewa. Niliwekewa jeti kubwa kidogo, skrubu ya mchanganyiko ikarekebishwa, mishindo ikaisha.

Ukibadilisha kopo la nyuma peke yake, mara nyingi hakuna tatizo. Ila ukibadilisha bomba zima, na hasa ukitoa chujio la hewa (jambo baya kabisa kwa vumbi letu hili), mafuta lazima yapimwe upya.

Mafundi wetu, nawaomba mfungue plagi mbele ya mteja kabla hamjapokea hela yake.

Dereva wa bodaboda,
Mbagala, Dar es Salaam