Skrubu Haiimbi!

Jamani, kuna imani moja ya magitaa inanichosha. Vijana wetu huku Mata wanaambiwa wang'oe springi zinazoshikilia pikapu (si ile ya kubebea ndizi!) na kuikaza kwa skrubu kwenye mbao, eti sauti itoke "ndani ya mti". Na fundi anataka hela yake.

Pikapu haina masikio, ndugu yangu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa. Kinachobadilisha sauti hasa ni umbali. Isogeze karibu na nyuzi, sauti inapanda. Ikizidi, sumaku inavuta nyuzi na noti zinayumba. Sasa ukiikaza kwenye mbao, umbali nao umebadilika. Halafu unasifu skrubu! Sisi waandika programu tunajua: ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, hujui kipi kimefanya kazi.

Ndiyo, pikapu iliyolegea inaweza kupiga mluzi amplifaya ikipandishwa. Springi ngumu zaidi inatosha, na bado utaweza kurekebisha umbali. Eddie Van Halen alikaza yake kwenye mbao, sawa. Lakini Stratocaster tangu 1954 inaning'iniza zake kwenye plastiki, na dunia inacheza.

Pima kwa rula, rekodi, kaza, rudisha umbali ule ule, rekodi tena. Mwenzako akuchezee bila kukwambia ipi ni ipi. Ukishindwa kutofautisha, hela ya fundi nunulia nyuzi mpya.

Fadhili William, mwana wa Taita, hatumkumbuki kwa skrubu zake.