Kona ya Kompyuta: Sauti za Zanzibar Zilikwama Wapi?

Kwa Ijumaa mbili mfululizo mazungumzo yetu na wenzetu wa Zanzibar yalikuwa ya upande mmoja: wao wanatusikia, sisi hatuwasikii. Hapa Washington lawama hazikukawia. Huyu alilaumu ofisi ya mtandao ya chuo, yule vituo vya data vya Ashburn, ng'ambo ya Mto Potomac. Tukaamua kunasa pakiti kwa tcpdump kwenye kompyuta ya klabu, inayotumia Linux.

Mara ya kwanza ilikataa, maana kunasa kunahitaji ruhusa ya msimamizi; tukaongeza sudo. Mara ya pili ikawa kimya. Kumbe tulikuwa tunasikiliza eth0, tundu la waya, na kompyuta iko kwenye Wi-Fi! Amri ya tcpdump -D huorodhesha njia zote. Tungeanza na hiyo. Wekeni na -n, la sivyo programu hupoteza muda ikitafuta jina la kila anwani.

Kisha tukadanganyika vibaya. Tulipoongeza -vv, karibu kila pakiti tuliyotuma ilionyesha kwamba namba yake ya uhakiki si sahihi. Tukaandika barua kali kwa ofisi ya mtandao. Mwalimu mmoja akatuzuia kabla hatujaituma: kadi nyingi za mtandao huikokotoa namba hiyo zenyewe mwishoni kabisa, baada ya tcpdump kuchukua nakala yake. Pakiti haikuwa mbovu, ilikuwa haijakamilika. Hebu tazameni zinazoingia, akasema.

Zinazoingia zilikuwa safi, na nyingi ajabu. Basi sauti za Zanzibar zilikuwa zinatufikia siku zote! Kwenye Linux, tcpdump huziona pakiti zinazoingia kabla ukuta wa moto haujazichuja. Unaweza kuiona pakiti hapo na programu yako isiipate kamwe. Tukafungua kanuni za iptables. Wiki chache nyuma mmoja wetu (hatumtaji, ndiye mleta sambusa) aliruhusu TCP na majibu ya DNS tu, na sauti zetu husafiri kwa UDP. Mstari mmoja ukamaliza kazi.

Tulinasa pakiti za kompyuta yetu peke yake. Za wengine haturuhusiwi. Barua tumeifuta. Ijumaa hii ni saa nne asubuhi kwetu, saa kumi na moja jioni kwao.