Gari la babu kwenye picha lilikuwa la nani?

Katika nyumba moja ya Mbagala, wilayani Temeke, picha ya babu akiwa ameegemea gari ilizaa ugomvi wa miaka mingi. Watoto walikua wakiambiwa kwamba babu alikuwa na gari, na alipofariki dunia wadogo zake wakaliuza na kula fedha. Ndugu wakaacha kutembeleana.

Siku moja mjukuu wa darasa la sita aliipiga picha hiyo kwa simu ya mama yake, akaikuza. Kwenye kibao cha namba zikaonekana herufi mbili: SU.

SU ni Shirika la Umma, kama ST ilivyo Serikali ya Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na kampuni nyingi kubwa zilitaifishwa na mashirika ya umma yakaongezeka. Gari lenye namba hizo halikuwa mali ya mtu binafsi.

Bibi alipoulizwa, alicheka. "Babu yenu alikuwa dereva, wajukuu zangu. Alipostaafu alirudisha ufunguo kazini. Mbona hamkuniuliza siku zote hizo?"

Kama nyumbani kwako kuna picha ya aina hiyo, keti na watoto muichunguze kabla ya kuamini maneno ya mtaani.

Anza na umbo la gari. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena kuanzia 1966 hadi 1968, ina taa za mbele za duara na ncha mbili zilizochongoka nyuma. Mdogo wake, 504, iliyotoka mwaka 1968, taa zake si za duara. Ukilijua gari, unajua picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka lilipotoka.

Kisha soma namba. Ikianza na K, huenda babu alikuwa Kenya. Ikianza na U, Uganda.

Tazama pia vitu vilivyoongezwa: keria juu ya paa, taa za ziada, maandishi mlangoni. Hivyo huonyesha kazi ya gari. Geuza picha, nyuma kunaweza kuwa na muhuri wa studio au tarehe.

Na usisahau: aliyeegemea gari si lazima awe mwenye gari. Wengi walipiga picha na gari la bosi au la jirani.

Mwisho, muulizeni mzee mapema. Wazee walioanza kusahau mara nyingi hukumbuka mambo ya ujanani kuliko ya jana. Mpeni picha mkononi, mahali penye mwanga, mumwache asimulie. Msimfanyie mtihani wa majina na miaka, akikosea, msimbishie. Akichoka, pumzikeni. Akikubali, rekodini sauti yake kwenye simu.

Mama wa Mbagala alifanya hivyo, akawatumia mashemeji zake picha ile pamoja na sauti ya bibi. Jumapili iliyofuata walikuja wote, wakakaa mkekani kumsikiliza bibi akieleza jinsi babu alivyowasomesha kwa mshahara wa udereva.