Unga Tunao, Nzi Tunao

Mwambie Mkenya kuna mtu analipwa kuchunguza ubongo wa nzi, atacheka. Atasema hiyo ni kuchezea pesa ya umma. Si sisi pekee. Mwaka 2008 Sarah Palin, akitafuta umakamu wa rais Marekani, aliukejeli utafiti wa nzi wa matunda hadharani. Sawa, chekeni. Mkimaliza, niambieni nani mwingine atatujibu swali la chuma.

Chuma tunakijua kwa damu. Mama mjamzito hupewa vidonge kliniki. Sisi wengine tunaambiwa tule managu na maini. Lakini kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, chuma hurundikana palepale ambapo seli za kuongoza mwendo zinakufa. Je, chuma ndicho kilichowasha huo moto, ama ni majivu tu?

Jibu la haraka linaumiza watu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio la Ulaya lenye wagonjwa 372 wa Parkinson. Waliopewa deferiproni, dawa ya kuondoa chuma, dalili zao zilizidi za waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kumbe haitoshi kujua kwamba chuma kipo. Lazima tujue kiko kwenye seli gani, na kinafanya nini humo. Huwezi kumfungua guka yako kichwa kila wiki uangalie. Nzi unaweza.

Tena nzi si mgeni kwetu hivyo. Karibu robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina jamaa zake ndani yake, na kizazi kipya huchukua siku kama 10 tu. Mwaka 2016 maabara ya Hugo Bellen, huko Houston, ilichunguza nzi waliokosa frataksini, protini ambayo upungufu wake kwa binadamu huleta ataksia ya Friedreich, ugonjwa unaowaibia vijana miguu. Chuma kilijaa kwenye neva, kikachochea utengenezaji wa aina fulani ya mafuta, na neva zikaharibika. Walipozuia mafuta hayo, uharibifu ukapungua. Yaani hata chuma kikiwepo, kuna njia ya kukifunga mikono.

Sasa tuletewe visingizio. Ati sayansi ya ubongo ni ya matajiri. Huyu nzi maabara anakula nini? Unga wa mahindi, sukari na hamira. Analala kwenye chupa. Hapo jirani Uganda, DrosAfrica imewafundisha watafiti wa Kiafrika kumtumia. Darubini inagharimu, ndiyo, lakini magari ya wakubwa wa vyuo pia yanagharimu, na hayo hatujawahi kuambiwa pesa imeisha.

Nyanya zetu wanatetemeka, tunaambiwa ni uzee tu. Wakuu wa vyuo, tengeni chumba kimoja na mwajiri hao vijana wa bayolojia mnaowaacha watarmac. Unga tunao, nzi wanajileta wenyewe. Kinachokosekana ni nyinyi kuacha kucheka.