Joistiki ya ndege za vita hapa Goma: inunuliwe, lakini masharti yatoke kwa waliokimbia mabomu



Wiki iliyopita watu wawili walinijia kwa jambo moja, kila mmoja na upande wake.

Wa kwanza ni kijana mwenye chumba cha michezo ya video huku Ndosho, kile ambacho watoto wanaita sali. Ana PlayStation mbili na kompyuta moja aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Ndugu yake atarudi kutoka Kampala mwisho wa mwezi, naye anataka amletee joistiki pamoja na mkono wa gazi, yaani ule wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, ili vijana wacheze michezo ya ndege za vita kama marubani. Akaniuliza: "Mkubwa, wewe unasomasoma mambo haya. Ninunue ipi?"

Wa pili ni mama aliyekimbia kutoka Masisi. Anaishi na watoto wanne nyumba ya tatu kutoka kwenye sali hiyo. Alikuwa amekwisha kusikia habari. Akaniambia: "Papa mwandishi, mwambie yule kijana asilete hiyo mashine. Mtoto wangu wa miaka sita akisikia mlio wa ndege anaingia chini ya kitanda. Sasa ndege zitalia kila siku karibu na ukuta wetu?"

Nimefikiri sana. Mawazo yangu ni haya: kijana anunue, lakini masharti ya kuitumia yatoke kwa yule mama. Nitaeleza sehemu zote mbili, kwa sababu wenye sali ni wengi katika mji huu, na akina mama wa namna hiyo ni wengi zaidi.

Tuanze na ununuzi, maana dola zinapotea hapo. Tangu benki zifungwe mwanzoni mwa 2025, kila noti inatafutwa kwa jasho.

Kwanza, uliza mchezo utachezwa kwenye mashine gani. Joistiki ya kompyuta haifanyi kazi kwenye PlayStation kwa sababu tu waya wake unaingia. Thrustmaster T.Flight Hotas 4 inakubali PlayStation 4 na kompyuta pia. Ndugu yake Hotas One ni ya Xbox na kompyuta. Nyingi za Logitech ni za kompyuta peke yake. Soma sanduku kabla ya kulipa, na kama sanduku halipo, andika jina la mashine na ulitafute kwenye simu.

Pili, usivutwe na ukubwa. Thrustmaster Warthog imeigwa kwenye ndege ya Marekani inayoitwa A-10, ni ya chuma, nzito na nzuri machoni. Bei yake inapita dola 400. Tena fimbo yake haizunguki kushoto na kulia kwa kuipinda mkononi, kwa hiyo usukani wa mkia utakudai ununue pedali za miguu kwa pesa nyingine. Kwa sali ya Ndosho, hiyo ni kununua lori la kubebea kilo mbili za sombe.

Tatu, kwa anayeanza, fimbo moja inatosha. Logitech Extreme 3D Pro huuzwa katika nchi za nje karibu dola 40. Fimbo yake inapindika kwa ajili ya mkia, na chini yake kuna kidude kidogo cha gazi. Kasoro yake ni kwamba imetengenezwa kwa mkono wa kulia tu. Ukitaka fimbo na mkono wa gazi vikiwa mbali mbali, kama katika ndege ya kweli, tazama Thrustmaster T.16000M pamoja na mkono wake wa gazi, kati ya dola 150 na 200. Fimbo hiyo inaweza kugeuzwa ikatumiwa na wa mkono wa kushoto, jambo la maana mahali ambapo watoto ishirini wanashika kitu kimoja.

Nne, fikiria vumbi letu. Joistiki nyingi za bei ndogo zina vipande viwili vinavyosuguana ndani ili kujua umeisogeza wapi. Vumbi la mawe ya volkeno likiingia, vinakwaruzika, na ndege inaanza kuinama yenyewe. Nyingine zinatumia sumaku, hakuna kinachogusana, na zinadumu zaidi. Fimbo ya T.16000M ni ya sumaku. Ukinunua iliyotumika, ichomeke kwenye kompyuta ya muuzaji, fungua dirisha la Windows la kupimia joistiki, kisha ondoa mkono. Alama ya msalaba ikitulia katikati, ni nzima. Ikitetemeka peke yake, mwachie mwenyewe.

Na mkono wa gazi, je, una maana gani? Wamotari watanielewa haraka. Anayepanda mlima na abiria wawili anajua kwamba gazi ndiyo safari yenyewe. Uwanja wetu wa ndege uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, injini inapata nguvu pungufu, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Kaskazini kuna Nyiragongo, na Januari 2002 lava yake ilifunika sehemu ya njia ya kurukia. Watu wa Birere hawajasahau ndege iliyoshindwa kupaa tarehe 15 Aprili 2008 ikaingia katika nyumba na maduka yao. Watu wa Mapendo hawajasahau ile ya tarehe 24 Novemba 2019. Kijana akijifunza kwa mkono wake mwenyewe kwamba kupaa Goma si mchezo, amepata kitu ambacho shule nyingi hazimpi.

Sasa nije kwenye masharti, na hapa naomba wenye sali wanisikilize vizuri.

Mchezo mmoja mkubwa wa ndege za vita, DCS World, unapakuliwa bure. Ndege chache tu zinakuja nao bila malipo, na mojawapo ni Su-25T. Hiyo ni ya ukoo mmoja na Su-25, zile Sukhoi za jeshi la Kongo ambazo zimepita juu ya vichwa vyetu. Tarehe 24 Januari 2023 tulisikia kombora likirushwa kwa Sukhoi, na ndege ikatua uwanjani ikiwa na moto. Kinshasa na Kigali walibishana ilikuwa upande gani wa mpaka. Sisi tuliokuwa chini tulitafuta watoto wetu.

Kwa hiyo kijana wa Ndosho, akipakua mchezo huo kwa kuwa ni bure, ataweka ndani ya sali yake ndege ileile ambayo mtoto wa jirani anaikimbia akiwa usingizini. Kijana wa Ulaya anayecheza hivyo chumbani kwake hana jirani wa namna hiyo. Sisi tunaye, na mara nyingi ukuta unaotutenganisha naye ni ubao tu.

Wapo watakaosema: watoto wanacheza michezo ya bunduki kila siku, kwa nini ndege tu? Nami sisifu ile ya bunduki. Lakini ndege ina tabia yake. Kutoka juu, kijiji ni doa kwenye skrini. Unabonyeza, doa linawaka, unapata alama. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi upande wa Mugunga na Lac Vert. Waliokuwa ndani ya mahema wanajua doa lile lina nini: sufuria, mkeka, mtoto. Na vita hivi vinatafuta mikono ya vijana kila siku. Sitaki mikono yetu izoee kwanza kubonyeza.

Wengine watasema: watu wanalala njaa, wewe unaongea juu ya vitu vya kuchezea? Swali ni la haki. Sisemi mzazi yeyote aguse pesa ya unga. Nasema joistiki moja kwa mtaa mzima, mahali ambapo vijana wanakaa tangu asubuhi bila kazi. Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha hapa Goma droni zake za kwanza za kuchunguza, na waliozirusha walikuwa wageni waliokaa chini mbele ya skrini. Kazi za namna hiyo zinaongezeka duniani. Mikono yetu nayo iwe na ujuzi.

Masharti nayaweka matatu. Kwanza, kaske masikioni muda wote, hakuna spika. Asiye na kaske hachezi. Pili, michezo ya kurusha mabomu isiwekwe mchana ambapo watoto wadogo wanachungulia mlangoni. Tatu, aanze na FlightGear. Nayo ni bure, haikulazimishi kupigana, na ndani yake uwanja wa Goma upo. Kupaa, kuzunguka ziwa, kutua salama: anayeweza hayo mara kumi ndiye aruhusiwe mengine.

Nilimpelekea kijana maneno hayo, na Jumamosi tukamwita mama. Alikuja akiwa amemshika mtoto wake mkono. Joistiki bado haijafika, kwa hiyo kijana alirusha kwa vitufe vya kompyuta, sauti ikiwa imezimwa. Ndege ilianguka ziwani mara mbili. Mtoto alicheka. Mara ya tatu ikapaa, ikafuata ufuko kuelekea Sake.

Mama alikuwa amesimama kimya karibu na mlango. Kisha akauliza: "Inaweza kufika kwetu?"

Kijana akageuza kuelekea milima ya Masisi. Ndege ilikuwa inayumba kulia na kushoto, kwa sababu kitufe hakijui kusogea kidogo. Milima ilionekana, ya kijani, bila nyumba wala mtu. Mama akatazama, akasema: "Hapana nyumba hata moja. Lakini mlima ni ule." Mtoto akauliza kama shamba lao liko nyuma yake. Mama akamwambia ndiyo.

Walipokuwa wakitoka, mama alimgeukia kijana: "Lete hiyo fimbo yako, mwanangu. Lakini siku nitakaposikia bomu hapa, nitakuja mwenyewe kuzima kuranti."

Kijana akakubali mbele yangu, nami nimeandika hapa ili ninyi nyote muwe mashahidi. Uwanja wetu ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Watoto wanaoanza shule leo wataijua ndege kwa njia gani? Mimi naomba waijue pia kama kitu kinachompeleka mtu nyumbani.

Wenye sali za Katindo, Majengo, Himbi na kwingineko, mkiwa na masharti mazuri kuliko haya, niandikieni. Nanyi mliokimbia, mkisikia milio inayowasumbua, msikae kimya. Nendeni kwa mwenye sali kwanza, mzungumze naye kama majirani.